Je, Wajua? Likelemba ya Kilo

Je, wajua kwamba mtu wa Lubumbashi anaweza kula mkate asubuhi, wali mchana na viazi jioni, kisha akalala akilalamika kwamba leo hajala? Hajaona bukari. Sima hiyo ya mahindi, ambayo wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaiita ugali, ndiyo chakula chenyewe. Vingine ni vya kupozea tumbo. Ndiyo maana mpango wa kupunguza uzito unaoanza kwa amri ya "bukari basi" haufiki Jumatano.

Safu ya leo nawaandikia walioamua kupungua kwa kikundi: majirani wanne wa Katuba, ba mama wa parokia moja ya Kamalondo, wafanyakazi wenza wa Kampemba waliochoka kupanda ngazi wakihema. Hoja yangu ni moja: kikundi hushinda au hushindwa sokoni na jikoni, kabla mtu hajanawa mikono.

Je, wajua kwamba mpango mkubwa wa zamani wa chakula cha pamoja katika mji huu ulikuwa wa kushibisha? Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake posho: unga, nyama au samaki, karanga, mafuta, chumvi. Mke na watoto waliokuwa kambini nao walikuwa na fungu lao. Gécamines ikaurithi utaratibu huo, ukaendelea mpaka kampuni ilipoporomoka miaka ya 1990. Kwa muda wote huo mama wa kambini hakuwa na haja ya kujiuliza wiki hii tutakula nini. Jibu lilikuwa ndani ya gunia. Mgao ule ulikuwa wa mtu wa sururu na koleo. Leo mjukuu wake anauza vocha za simu, amekaa kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima, na bonge la bukari ni lile lile la babu.

Na neno posho lenyewe? Katika Lingala liligeuka kuwa poso, na maana yake ikawa juma. Chakula cha siku saba kiliupa muda wa siku saba jina lake. Babu zetu walikuwa tayari na wazo ambalo kikundi cha kupunguza uzito kinalihitaji: chakula kipangwe kwa wiki.

Je, wajua kwamba reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville? Unga uliwafuata wachimbaji kwa njia hiyo. Siku hizi malori ndiyo yanayouleta kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na mpaka ukikwama, bei hupanda soko zima. Hapo ndipo kikundi kiwe macho. Unga ukipanda bei, nyumba nyingi hupunguza mboga kwanza na kuacha bukari vilevile ilivyo. Sahani inabaki nyeupe tupu, pesa zinaisha, na kilo zinaongezeka.

Je, wajua kwamba kuhama kutoka bukari ya mahindi kwenda ya muhogo hakupunguzi kilo? Gramu 100 za unga mkavu, uwe wa mahindi au wa muhogo, zina kalori 340 hadi 360 hivi. Kuchanganya unga wa aina mbili hubadili ladha na mnato. Hesabu haisogei.

Kinachoisogeza ni ukubwa wa bonge, na hapa pana ugumu wa kweli. Familia ikila kutoka sinia moja, hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mkono unakwenda na kurudi, mazungumzo yamenoga, na bonge linakwisha kwa heshima ya wote. Sisemi sinia livunjwe, maana kula pamoja ni utu. Ila walio kwenye mpango wanaweza kukatiwa bukari yao pembeni, ya ukubwa wa ngumi yao wenyewe, wakachovya mboga katika bakuli moja na wengine. Nimeona jambo hili likifanyika bila mtu kuona haya, kwa sababu walikuwa wawili mezani. Angekuwa mmoja, angeulizwa maswali mpaka aone afadhali ale.

Je, wajua swali gani humrudisha mtu nyuma kuliko njaa? "Unakonda, uko mugonjwa?" Mjini hapa mwili mnene umekuwa ushahidi kwamba nyumba ina amani na mume analeta pesa. Anayepungua hudhaniwa anaumwa, amefiwa au ameachwa. Shangazi atamwombea, jirani atamletea chakula. Dawa pekee ninayoijua ni kupungua mkiwa wengi. Wanawake watano wa mtaa mmoja wakipungua kwa pamoja, watu huacha kuuliza ugonjwa na kuanza kuuliza siri.

Je, wajua kwamba unene nao husafiri kutoka rafiki hadi rafiki? Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa watu 12,067 wa mji wa Framingham, Marekani, waliofuatwa kwa miaka 32. Rafiki wa mtu akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa yeye kunenepa vilevile uliongezeka kwa asilimia 57. Rafiki alikuwa na nguvu kuliko mwenzi wa ndoa. Njia iliyopandisha kilo yaweza pia kuzishusha.

Na je, wajua kwamba ilishapimwa? Rena Wing na Robert Jeffery walitoa matokeo yao mwaka 1999. Watu walioingia kwenye mpango peke yao, asilimia 76 waliumaliza, na asilimia 24 tu walikuwa bado wameshikilia mafanikio yao ya kupungua ilipotimia miezi kumi tangu kuanza. Walioingia na marafiki watatu kila mmoja, wakafundishwa pia namna ya kusaidiana, asilimia 95 walimaliza na asilimia 66 walishikilia. Watu wanne, basi. Ni idadi inayoenea kwenye mkeka mmoja.

Je, wajua kwamba hotuba nzuri kuhusu lishe karibu haibadilishi sufuria ya mtu? Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika orodha yangu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nyama ilikuwa adimu Marekani, na serikali ilitaka kina mama wapike figo, moyo na viungo vingine vya ndani ambavyo walividharau. Mwanasaikolojia Kurt Lewin akagawa makundi. Baadhi walipewa mhadhara mtamu, wenye vitamini, uzalendo na mapishi ya kubeba nyumbani. Wengine waliketishwa wazungumze wenyewe kwa wenyewe, nini kinawazuia, waume watasema nini, harufu itaondolewaje, kisha kila mmoja akanyoosha mkono kuonyesha kwamba wiki hiyo atapika. Alipofuatilia baadaye, asilimia 3 ya waliosikiliza mhadhara walikuwa wamepika. Katika waliozungumza na kunyoosha mkono, ni asilimia 32. Muda ule ule, chakula kile kile. Kwa hiyo kiongozi wa kikundi cha mtaa wetu wa Ruashi au wa Kenya asijitwike mzigo wa kuhubiri. Aulize: mama, Alhamisi utapika nini? Asubiri jibu, na wengine walisikie.

Je, wajua kwamba kampuni mashuhuri zaidi duniani ya kupunguza uzito ilianzia sebuleni? Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, alikuwa na kilo 97 mwaka 1961. Karatasi ya chakula alikuwa nayo, aliyopewa na kliniki ya idara ya afya ya jiji. Alichokosa ni mtu wa kumwambia ukweli kwamba alikuwa akila biskuti kwa kificho. Akawaita marafiki sita nyumbani, akaungama. Nao wakaungama ya kwao. Mwaka uliofuata alikuwa amefika kilo 64, na mwaka 1963 Weight Watchers ikasajiliwa. Karatasi ya kliniki haikubadilika. Kilichoongezeka ni wale sita.

Lubumbashi haihitaji kuagiza wazo hilo kutoka New York. Ina likelemba. Watu wanakutana kwa siku iliyopangwa, kila mmoja anatoa kiasi kilichokubaliwa, zamu inazunguka, na asiyeleta hubeba aibu mbele ya wenzake. Ni shule kamili ya nidhamu, na mama muuza nyanya amehitimu humo kabla ya kusikia neno kalori. Kikundi cha uzito kinaweza kupanda juu ya likelemba iliyopo: siku ile ile, mizani kwenye sakafu ngumu, daftari moja, na kila mmoja anataja mboga zake za wiki inayokuja.

Je, wajua kwamba pesa ya mtu mwenyewe ikiwekwa rehani humshikilia, kwa muda? Kevin Volpp na wenzake walilijaribu jambo hili na watu 57 kwa majuma 16, wakachapisha mwaka 2008. Walioweka akiba ambayo wangeipoteza wasipofikia lengo walipungua wastani wa kilo 6.4, wasiowekewa kitu, kilo 1.8. Lakini miezi saba baada ya kuanza, tofauti kati yao ilikuwa imefifia, maana wengi walirudisha kilo. Faini ya likelemba itawafikisha mwisho wa msimu. Ya baada ya hapo ni kazi ya jiko.

Basi tuingie jikoni.

Je, wajua kwamba kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ya mawese au ya chupa, kina kalori 120 hivi? Vijiko vitatu ni kama gramu 100 za unga mkavu. Watu wanapigana na bukari huku sufuria ya sombe, yaani kisamvu, inaelea mafuta mekundu kidole kizima. Nikiulizwa jambo moja tu la kubadilisha, nitajibu hili bila kusita: mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Kikundi kikubaliane idadi, mathalani vijiko vitatu kwa sufuria ya watu sita, na mpishi wa kila nyumba aijue. Mpishi huyo ni lazima awe ndani ya mpango hata kama yeye ni mwembamba kama ufito.

Karanga zilizotwangwa ni chakula bora, ila zina kalori zaidi ya 560 kwa gramu 100. Lengalenga yenye karanga haihitaji mafuta juu yake.

Je, wajua kwamba kisamvu, ambacho Lubumbashi ni sombe, lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya sianidi? Anayeharakisha ili aokoe makaa anahatarisha familia. Siku ya sombe ipangwe siku yenye nafasi.

Je, wajua kwamba kuna mboga za majani mjini hapa za kuuliziwa asili yake? Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake wa miaka mingi uliacha metali katika udongo wa upande unaoelekea upepo, Penga Penga ikiwemo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamezikuta metali hizo katika mboga zilizolimwa kwenye ardhi iliyochafuliwa. Kikundi kinachojaza nusu ya sahani kwa majani kinapaswa kuwa na muuzaji anayejulikana na shamba linalojulikana. Osheni mara mbili au tatu, vumbi litoke. Metali iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa maji.

Je, wajua kwamba protini nzuri ya Katanga hutambaa? François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alichapisha na G. Parent mwaka 1980 uchambuzi wa viwavi wa aina 23 wanaoliwa kusini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Wakikaushwa, protini yao ilikuwa wastani wa asilimia 63.5. Ni hao hao ambao kwa Kibemba huitwa ifinkubala, na huuzwa hapa kwa kopo. Protini hukaa tumboni muda mrefu, njaa inachelewa. Kalori nazo wanazo, wastani wa 457 kwa gramu 100, kwa hiyo wakaangwe bila mafuta ya ziada. Sijui chakula cha kuagiza kutoka nje kinachowashinda.

Uyoga wa porini wakati wa mvua ni maji kwa sehemu kubwa, ujaze sufuria. Ununue kwa anayeujua.

Je, wajua kwa nini mizani hupanda siku moja baada ya makayabo? Chumvi ya samaki yule huzuia maji mwilini. Si mafuta, na baada ya siku mbili tatu yatatoka. Vivyo hivyo kilo mbili za furaha za wiki ya kwanza: nyingi ni maji, kwa sababu kila gramu ya wanga uliohifadhiwa mwilini hufungamana na gramu tatu hivi za maji. Kikundi kisichojua hili hushangilia Jumamosi ya kwanza na kuvunjika moyo Jumamosi ya tatu. Pimeni siku moja, saa moja, nguo nyepesi, na muangalie mwendo wa mwezi.

Je, wajua kwamba kula mara moja kwa siku, gongo moja kama Wakongo wengi wanavyosema kwa uchungu, si mpango wa kupunguza uzito? Waliolazimika kula hivyo hawakuchagua. Na anayechagua hivyo leo hukutana na saa mbili usiku akiwa na njaa ya siku nzima mbele ya bonge zima. Ancel Keys, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea mwaka 1945. Kadiri walivyokonda, waliota chakula, walizungumza chakula, na baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Njaa kali haifundishi nidhamu. Afadhali maharage ya saa sita mchana.

Hii hapa wiki moja, kama mfano wa kubishania kwenye mkutano. Jumatatu lengalenga na karanga kidogo. Jumanne maharage na nyanya. Jumatano kapenta na matembele. Alhamisi sombe, kwa vijiko vilivyopimwa. Ijumaa samaki Thomson wa kuchoma na kabichi. Jumamosi mayai na ngai-ngai. Jumapili kuku, maana Jumapili ni Jumapili. Bukari kila siku, ngumi moja, na mboga za majani mara mbili ya bukari. Wawili waende sokoni kwa niaba ya wanne: anayenunua kwa jumla hulipa kidogo, na anayebeba orodha ya wenzake hasimami kwenye maandazi. Zaidi ya yote, hakuna anayefika jioni akiwa amechoka, hana wazo, akaishia kupika unga mwingi na mafuta mengi kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu.

Je, wajua kwamba kuandika tu unachokula kunapunguza kilo? Uchunguzi wa Kaiser Permanente wa watu karibu 1,700, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba walioandika siku sita au zaidi kwa wiki walipungua mara mbili ya ambao hawakuandika. Kalamu ya risasi na daftari la shule vinatosha. Asiyejua kuandika amtumie mwenzake sauti kwenye simu.

Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, ina kalori 300 hivi. Soda ya kola ya sentilita 33 ina sukari gramu 35. Michopo ya mbuzi yenyewe haina kosa kubwa, kwani mbuzi ana mafuta kidogo kuliko ng'ombe. Hatari ni chupa ya tatu iliyo pembeni yake. Harusi na kilio havikwepeki, wala haifai kuvikwepa. Kubalianeni kabla ya kwenda: sahani moja, maji kwanza, hakuna kurudi kwenye sufuria.

Je, wajua kwamba sufuria hiyo hiyo inalisha mtoto ambaye huenda amepungukiwa? Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mpango ni wa watu wazima wenye uzito uliozidi. Mtoto apewe karanga, mayai, viwavi na samaki bila kupimiwa. Mjamzito, anayenyonyesha, anayemeza dawa za kisukari au za tansio, na aliyepungua bila kutaka, waanzie kwa mganga wa hospitali kabla ya kuingia kwenye mizani ya kikundi.

Je, wajua ni kilo ngapi zinatosha? Chache kuliko unavyodhani. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani wa watu 3,234 waliokuwa wakikaribia kupata kisukari, uliochapishwa 2002, kundi lililobadili chakula na kutembea dakika 150 kwa wiki lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kilo 6 na kidogo. Wastani waliopungua kweli ulikuwa kilo 5.6, na visa vipya vya kisukari vilishuka kwa asilimia 58 kulinganisha na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Basi, ba mama na ba tata wa Lubumbashi, Jumamosi hii kabla ya pesa ya likelemba kuhesabiwa, ulizaneni kwa zamu mboga za siku saba, na kila mmoja ajibu kwa sauti.